Mwacheni Mbwa Ale

Nimekuja studio moja kwa moja kutoka ufukweni, pale soko la samaki la Bagamoyo, na harufu ya mafuta ya kukaangia ingali kwenye shati langu. Alasiri ikishaingia pale, ngalawa zimekwisha kupandishwa mchangani, wanunuzi wa jumla wameondoka na matenga yao, wakaangaji wanachochea kuni chini ya makarai. Na kwenye kivuli cha meza za waparaji wamelala mbwa. Hawana mwenyewe, au tuseme mwenyewe ni soko zima. Mparaji akitupa matumbo ya samaki, mbwa mmoja anainuka, anaokota, anasogea nayo hatua kumi hivi, anakula. Wengine wanamtazama tu. Wanajua kingine kinakuja.

Nimekaa pale jioni nyingi sana, miaka mingi. Nimeona mbwa wa sokoni wakigombana wakati wa kupandana, nimewaona wakifukuzana usiku. Mtu kuumwa na mbwa kwa sababu ya utumbo wa changu, sijaona.

Sasa toka pale, panda daladala la kuelekea Dar es Salaam. Pita Kiromo, Zinga, Kerege, Mapinga, mpaka ufike Bunju. Viwanja vilivyokuwa mashamba ya minazi na mikorosho sasa ni nyumba na kuta, na nyuma ya karibu kila geti yuko mbwa. Huyu ana mwenyewe. Ana jina, ana banda, ana sahani yake. Mchana yuko kwenye mnyororo, usiku anafunguliwa. Na huyu ndiye anayeuma watu wa nyumbani kwake, tena mara nyingi anawauma pale pale kwenye sahani. Jioni ya leo nataka tuzungumze juu ya hilo: mbwa na sahani yake.

Nitaanza na jambo lililotokea mtaani kwetu. Mama mmoja alikuwa anamalizia kupika, akakwangua ukoko wa wali, akamwaga na mchuzi kidogo juu yake, akamwita mwanawe wa miaka sita: "Mpelekee Simba." Mtoto akaenda mbio, kama watoto wanavyotumwa. Simba alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana yake usiku. Mtoto akaweka bakuli chini, akaona limekaa vibaya, akarudisha mkono kulisogeza. Basi. Mkono ulishikwa kati ya kiwiko na kiganja, na ilibidi kijana wa jirani aruke ukuta kuja kumtoa.

Mtoto alipelekwa hospitali, akachomwa sindano zake zote, leo yuko shuleni na kovu lake. Lakini Simba aliuawa kwa mawe kabla jua halijazama, na mtaa mzima ukasema alikuwa ameingiwa na kichaa. Mimi nilimjua mbwa yule tangu akiwa na ukubwa wa paka. Jioni ile sikuona dalili ya kichaa. Alikuwa na njaa, na alikuwa na hofu ya kunyang'anywa, na aliyekuja kumfikia karibu kabisa na chakula alikuwa mtu mfupi kuliko wote katika ile nyumba.

Nasema hofu, na naomba neno hilo ulishike, maana maneno yangu yote ya leo yanazunguka hapo. Mbwa anayenguruma juu ya sahani tunamwita mkali, na wengine wanafurahi: "Huyu ndiye mbwa sasa!" Hapana, ndugu yangu. Ukali wa kulinda nyumba na ukali wa kulinda sahani ni vitu viwili mbalimbali. Mbwa hubweka usiku kwa sababu amesikia hatua asizozijua kwenye eneo analolihesabu kuwa lake. Masikio yake na pua yake ndivyo vinavyofanya kazi hiyo. Lakini anapong'ang'ania sahani akakutolea meno wewe unayemlisha, anakwambia jambo jingine kabisa: kwamba katika maisha yake chakula hakina uhakika, na kwamba mikono ya watu imezoea kukiondoa.

Sasa njoo kwenye ule msemo wetu. Ukiuliza kuanzia Mlingotini mpaka Tegeta, utaambiwa: mbwa akishiba halindi. Mshibishe, alale. Kwa hiyo analishwa mara moja, usiku, tena kidogo. Nimeusikia msemo huo kwa watu ninaowaheshimu, wazee wangu wamo, na ninasema kwa adabu zote kwamba si kweli. Njaa haimfundishi mbwa kulinda. Inamfundisha kutafuta chakula. Mbwa mwenye njaa usiku atapenya chini ya geti aende kwenye jalala, nyumba ibaki tupu. Na mwizi wa siku hizi anakuja na kipande cha nyama kilichotiwa sumu, anakirusha juu ya ukuta, anasubiri. Nani atakikimbilia kile kipande bila hata kukinusa vizuri? Ni yule aliyelala na njaa kwa amri yako. Mbwa aliyekula dona lake na dagaa akashiba, na aliyezoea kula kwenye sahani yake tu, walau ana nafasi ya kukipita kipande kile akaendelea kubweka.

Tena kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumnyima chakula mnyama uliyemfunga mnyororo si jambo la hiari ya mwenye nyumba. Mbwa wa sokoni akikosa hapa anakwenda pale. Wa kwako hana pa kwenda, mnyororo unamwishia mita tatu.

Kuna mtafiti wa Marekani, Raymond Coppinger, aliyefika Pemba kuwatazama mbwa wa vijijini. Katika kitabu alichokiandika pamoja na mkewe Lorna, kilichotoka mwaka 2001, aliwaeleza mbwa wale wanaoishi pembezoni mwa nyumba za watu, wanaokula mabaki, ambao watu wengi hawawashiki wala hawawaiti ndani. Yeye aliona kwamba huenda mbwa wote duniani walianza hivyo hivyo, kwa kufuata makombo ya binadamu. Mimi kilichonigusa ni kwamba mtu ametoka mbali kuja kujifunza kwa mbwa ambao sisi tunawarushia mawe. Na ukiwatazama wale wa pale sokoni utaona walivyo watulivu kwenye kula, kwa sababu chakula kimetawanyika, hakuna aliyebanwa pembeni, na kila mmoja anaweza kuondoka na chake. Mbwa wa kwenye mnyororo hana lolote kati ya hayo. Chakula chake kiko mahali pamoja, kinakuja mara moja, na akifuatwa hawezi kusogea nacho. Sasa afanye nini isipokuwa kutoa meno?

Naye hatoi meno ghafla. Watu husema, "Aliniuma tu, bila sababu." Msikilizaji, mbwa amesema mengi kabla ya hapo, ila hatukumsikiliza. Mtazame unapomkaribia akiwa anakula. Kwanza anakuwa mkavu, mwili wote unakakamaa kama mti. Mkia unaacha kutikisika. Anaanza kumeza haraka haraka, bila kutafuna. Anashusha kichwa juu ya sahani kama anaifunika, na anakutazama kwa pembe ya jicho mpaka weupe wa jicho unaonekana. Hapo ameshasema. Ukizidi kusogea, anainua mdomo wa juu. Ukizidi, ananguruma. Kuuma kunakuja mwisho kabisa wa orodha hiyo ndefu.

Na hapa ndipo tunapokosea vibaya zaidi: mbwa akinguruma, anapigwa. Fimbo, teke, kopo la maji. Unadhani umemfundisha adabu. Ulichomfundisha ni kunyamaza. Siku nyingine atakapoogopa hatanguruma, maana alishajifunza kwamba kunguruma kunaleta fimbo, ataruka moja kwa moja kwenye mkono. Kunguruma ni onyo, na nyumba yenye watoto inalihitaji onyo lile kuliko inavyohitaji mbwa bubu. Akinguruma, simama, rudi nyuma taratibu, mwache amalize. Halafu kaa chini ufikirie kilichomfikisha hapo.

Wapo wengine wanaofanya makusudi. Mbwa anakula, mwenye mbwa anakwenda kumvuta sahani, anaishika juu, anamrudishia, anavuta tena, ili mbwa ajue nani bwana. Nimewaona wazazi wakiwaelekeza watoto wao wafanye hivyo. Hebu jiulize wewe. Umealikwa harusini, sinia la pilau limewekwa mbele yenu watu sita, umetia tonge mdomoni, mtu anakuja analiondoa sinia, anasimama nalo, analirudisha. Analiondoa tena. Mara ya tatu utamkumbatia mtu yule? Utamwona bwana? Utaanza kula kwa pupa ukimtazama kwa jicho baya, na hivyo ndivyo mbwa anavyofanya.

Nimetaja sinia, basi niongeze hapo hapo. Sisi watu wa pwani tumelelewa kula pamoja, na kuna adabu yake: unakula upande wako, hunyooshi mkono kwa mwenzio, nyama inangojewa mwisho. Mbwa hana adabu ya sinia. Ukiwa na mbwa watatu ukawawekea beseni moja, mwenye nguvu atashiba, wa pili atabahatisha, wa tatu atajifunza kupigana au atakonda mpaka mbavu zihesabike. Kila mbwa na sahani yake, mbali na mwenzake, ikiwezekana wasionane kabisa. Mmoja nyuma ya banda, mwingine kwenye kona ya jikoni ya nje, mwingine karibu na tangi la maji. Wakimaliza wote, sahani ziondolewe wakiwa wamekwisha kusogea. Ugomvi mwingi wa mbwa wa nyumba moja unaisha kwa mpango huo tu, bila fimbo.

Na mahali penyewe pa kulia pana maana yake. Usimwekee njiani, pale watu wanapopita kwenda chooni au kisimani. Mwekee penye ukuta mgongoni mwake, pametulia, penye paa. Nasema paa kwa sababu ya kunguru. Hawa kunguru weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 kisha wakaenea pwani yote, wanajua sana kumwibia mbwa. Mmoja anamvuta mkia, mbwa anageuka, mwenzake ananyakua dagaa. Mbwa aliyekuzwa anakula huku akinyang'anywa na kunguru, na kuku wa jirani wanadonoa ugali wake, atakula kwa pupa maisha yake yote. Siku akimkamata kuku mmoja kwenye sahani, anapigwa na kuitwa mwizi wa kuku. Kumbe kuku ndiye aliyemfuata. Kipande cha bati juu na wavu ubavuni vingemsaidia yeye, vingemwokoa na kuku.

Muda nao uwe ule ule. Mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, alionyesha kwamba mbwa huanza kutokwa na mate kabla ya kuona chakula, kwa kusikia tu ile ishara aliyoizoea kwamba chakula kinakuja. Wafugaji tunalijua hilo kwa mlio wa sufuria. Mwiko ukigonga ukingo, masikio yamesimama. Tumbo la mbwa lina saa yake. Ukimlisha saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni kila siku, mwili wake unatulia, na mtu anayepita na sahani saa nane mchana hamhangaishi. Ukimlisha leo alasiri, kesho usiku wa manane, keshokutwa umesahau, kila sufuria inayogonga ni fujo kwake.

Mwezi wa Ramadhani nawaomba sana ndugu zangu tulikumbuke hili. Jiko la mchana linalala, hakuna makombo, na mbwa aliyezoea kupata kitu baada ya chakula cha mchana anangoja mpaka futari. Mbwa hafungi. Na saa ya futari ndiyo saa ya watoto kukimbia huku na huko na visahani mikononi, tende, maandazi, uji. Mtengee chakula chake cha asubuhi mapema, baada ya daku, kabla hujarudi kulala.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naulizwa sana. Je, mbwa aliyekwisha kuwa na tabia ya kulinda sahani anaweza kubadilika? Wengi wanaweza, kwa subira. Na njia yenyewe, nikiitazama, ni kama imetengenezwa kwa ajili yetu sisi watu wa pwani, kwa sababu haihitaji kumgusa mbwa hata kidogo.

Nieleze kwa nini nasema hivyo. Wengi wetu huku ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Tumelelewa tukijua kwamba mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo mbwa wa ulinzi anafugwa nje, analishwa kwa mbali, hapapaswi kichwa. Hilo si kosa wala si ukatili, mbwa haombi kupapaswa ili awe mtulivu. Na kila aliyepita chuoni kwa maalimu anaijua habari ya mtu aliyemwona mbwa analamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akampandishia, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Umbali na huruma vinakaa pamoja.

Basi njia ni hii. Mbwa anakula sahani yake ya kawaida. Wewe unapita mbali, pale ambapo bado hajakakamaa, labda hatua nane au kumi. Mkononi una kitu kizuri kuliko kilichoko kwenye sahani: kipande cha firigisi, dagaa wa kukaanga. Unamrushia karibu na sahani, na unaondoka. Husimami kumtazama, humwiti, husogei. Baada ya muda unapita tena, unarusha tena, unaondoka. Fanya hivyo siku kadhaa. Utaona badiliko dogo: ukitokea, badala ya kushusha kichwa juu ya sahani, anakiinua, anakutazama usoni, mkia unatikisika. Anakungoja. Hatua zako zilikuwa zinamwambia "nimekuja kuchukua", sasa zimeanza kumwambia "nimekuja kuongeza". Siku hiyo ndiyo unasogea hatua moja. Moja tu. Akikakamaa, umeharakisha, rudi ulikotoka. Kazi hii inachukua wiki, wakati mwingine miezi, na kila mtu mzima wa nyumbani anatakiwa kuifanya kwa zamu, kwani mbwa akimwamini baba peke yake, mama bado yuko hatarini.

Mbwa aliyekwisha kumjeruhi mtu ni habari nyingine. Huyo usijifunzie. Mwite afisa mifugo au daktari wa mifugo, na kwa sasa mlishe kupitia nafasi ya chini ya mlango wa banda, ukisukuma sahani kwa fimbo ndefu, banda likiwa limefungwa. Na ikiwa mbwa alikuwa mtulivu siku zote, kisha ghafla amebadilika, mtazame kwanza kama anaumwa. Jino bovu, kidonda cha sikio, minyoo, mfupa uliomchoma. Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika ikawa kama sindano, usimpe. Vitunguu usimpe. Na ninyi mnaokaa karibu na ufukwe, samaki aina ya bunju anayetupwa na wavuvi mzikeni, msimwache mchangani. Sumu yake inaua mtu, na mbwa pia.

Akiwa na kitu mdomoni asichotakiwa kuwa nacho, ndala ya mgeni, kitambaa, samaki mzima aliyemwiba mezani, usimkimbize wala usimpanue mdomo. Mrushie kilicho bora kando, akiachia na kukifuata, okota chako. Kumnyang'anya ni kumfundisha kumeza haraka zaidi siku nyingine.

Na kwa mtoto wa mbwa, mnajua wenyewe: samaki mkunje angali mbichi. Asitengwe na mama yake kabla ya wiki nane, vijibwa vya tumbo moja vizoezwe vyombo mbalimbali mapema, na kila ukimpa chakula ongeza kitu kidogo wakati anakula. Mbwa aliyekuzwa hivyo miezi sita ya mwanzo kwa kawaida hatakusumbua kwenye sahani.

Sasa kuna jambo moja nilisemee kwa uzito, hata kama nitasahau mengine. Kuna dalili ambayo watu wanaidhania kuwa ni ya chakula kumbe si ya chakula. Mbwa anataka kula, hawezi kumeza. Taya limelegea, mate yanachuruzika, anakohoa kama mtu aliyekwamwa. Mwenye mbwa anasema, "Masikini, amekwamwa na mfupa," anaingiza mkono mdomoni autoe. Huenda hakuna mfupa. Kichaa cha mbwa hupooza misuli ya koo, na mbwa anaonekana hivyo hivyo. Mkono wako ukiwa na mkwaruzo mdogo tu, mate yale yameingia. Usiingize mkono. Mfungie mbwa mahali peke yake, ita mtaalamu.

Na mtu akiumwa, iwe kwenye sahani, iwe barabarani, iwe na mbwa wako mwenyewe unayemjua jina, osheni kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Dakika 15 kwa saa, ni ndefu kuliko unavyofikiri. Msipake pilipili, msipake mafuta ya taa, msifunge jiwe. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, mkaombe chanjo, na sindano zote zimalizwe. Dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia, na kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, asilimia 40 ni watoto chini ya miaka 15. Ni wale wale tunaowatuma na ukoko.

Nirudi kwa Simba wa mtaani kwetu. Alipopigwa mawe, tulipoteza kitu ambacho hatukukijua. Mbwa aliyeuma, kama anaweza kufungiwa salama, hufungiwa na kutazamwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, inajulikana kwamba hakuwa na kichaa wakati anauma. Yule mtoto sindano zake zilianza siku ile ile, kama ilivyostahili, lakini mama yake alikaa wiki nyingi halali, anamgusa paji la uso kila usiku. Siku 10 za kumtazama mbwa zingempunguzia mzigo ule.

Ninajua inawezekana kukishinda kichaa cha mbwa, kwa kuwa ndugu zetu wa Pemba wamefanya. Kwa kampeni za kuchanja mbwa kijiji kwa kijiji, kisiwa kile kiliuondoa ugonjwa huu mwaka 2014. Mwaka 2016 ukaingizwa tena. Wakachanja tena, na mwaka 2018 ukaondoka kwa mara nyingine. Wamefanya hivyo katika kisiwa ambacho watu wengi hawamshiki mbwa. Kinachotakiwa ni mbwa 70 kati ya 100 wawe wamechanjwa. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Louis Pasteur, mgunduzi wa chanjo hii, ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi halmashauri hutumia siku hizo kupita na chanjo. Msikilizeni mtangazaji wa kata, mpelekeni mbwa. Na mbwa aliyezoea kukuona unakuja na kitu kizuri mkononi ndiye utakayeweza kumfunga kamba siku hiyo bila vita.

Msikilizaji, muda wangu umekwisha. Jioni hii, kabla hujafungua mnyororo, mwekee mbwa wako chakula cha kumshibisha, penye ukuta, penye paa, mbali na njia. Aende mtu mzima kumpelekea. Mtoto abaki ndani, mlango umefungwa, mpaka mbwa amemaliza kula.